Darubini Fupi ya Madamu Odile

Juzi mlikuja nyumbani kwangu, ninyi vijana wanne wa kikundi cha sayansi, mmebeba kitu kilichofungwa ndani ya blanketi kama mtoto mchanga. Mlikiweka mezani, mkakifunua, na yule binti mrefu kati yenu akasema kwa sauti ya msiba: "Papa Kalenga, bametupatia darubini, mais iko kafupi. Tunawaza ilivunjika ku njia, kipande ingine ikabakia mu ndege."

Nilicheka mpaka mke wangu Veronika akatoka jikoni kuangalia kama nimepaliwa. Nisameheni. Sikuwacheka ninyi. Nilicheka kwa sababu maneno kama hayo niliyasema mimi mwenyewe, mwanaume mzima mwenye ndevu, mbele ya mwalimu wangu wa kazi, naye alinijibu kwa kunirushia kitambaa cha maji usoni.

Darubini yenu ni nzima. Ni fupi kwa sababu imekunjwa. Nitawaeleza ilivyokunjwa, lakini siwezi kueleza bila kuwasimulia jinsi tulivyotengeneza moja ya namna hiyo kwa mikono, katika miaka ya mwisho ya Wabelgiji, mji huu ulipokuwa bado unaitwa Élisabethville.

Mimi nilikuwa msaga lenzi. Ateliye yetu, karakana ya kusagia, ilikuwa nyuma ya duka la miwani, katikati ya mji. Mbele, kwenye zulia, alikaa Bwana Maurice, mwenye duka, akiwapima wazungu macho. Nyuma, kwenye sakafu ya saruji, tulikaa Fundi Ramazani na mimi. Ramazani alikuwa Mwislamu wa Maniema, wa ukoo wa mafundi tangu babu yake. Alikuwa na mabega ya mbeba magunia na vidole vya mshona nguo. Alinizidi miaka kama ishirini, na kila kitu kingine alinizidi pia.

Siku yangu ya kwanza nilishika lenzi katikati, kwa kidole gumba, kama mtu anayeshika mkate. Ramazani akaitazama ile lenzi, kisha akanitazama mimi.

"Asubui ulikula nini?"

"Mukate na margarini, Fundi."

"Naona. Na muntu atavaa hii miwani ataona vilevile. Ataona dunia yote iko na margarini."

Tangu siku ile sijashika kioo ila pembeni. Na ninyi sikieni: ule mdomo wa mbele wa darubini yenu umefungwa kwa kioo. Msiuguse. Vumbi likitua, mliache, au mlipeperushe kwa brashi laini. Nimeona vioo vingi vikiharibiwa na watu wasafi kuliko na vumbi.

Jambo la pili alilonifundisha lilinifanya niipende kazi hii. Chukua vioo viwili bapa. Weka mchanga wa kusagia na maji katikati, sugua cha juu juu ya cha chini, mbele na nyuma, huku ukizunguka meza pole pole. Baada ya siku kadhaa, bila mashine yoyote, cha juu kinakuwa bakuli na cha chini kinakuwa mgongo. Na duara lake ni kamili, kama limekatwa kwenye mpira, kwa kuwa kila kilichojitokeza kinasuguliwa mpaka vioo viguse kila mahali. Nilipoliona hilo kwa mara ya kwanza nilizunguka meza hata baada ya saa za kazi, na Ramazani akanivuta shati. "Kioo iko na akili kupita weye," alisema. "Acha ipumuzike."

Basi siku moja, mvua zikielekea kuisha, mlango wa nyuma ulifunguliwa na wanaume wawili wakaingia wamebeba bomba la shaba refu kuliko kitanda changu. Nyuma yao alikuja mama mmoja wa kizungu, mdogo wa mwili, nywele nyeupe, amevaa viatu vya bustani. Huyo ndiye Madamu Odile. Alikuwa mjane, akifundisha piano nyumbani kwake, mtaa wa Bel-Air, na bomba lilikuwa darubini ya marehemu mume wake.

"Bwana yangu alikuwa na mugongo ya kubeba hii," alituambia kwa Kiswahili chake. "Mimi nilikuwa tu na macho ya kuangalia. Sasa mugongo ilikufa, macho ikabakia. Munitengenezee ingine, fupi, niitoe inje mimi peke yangu, chini ya kwapa, kama mukate."

Akatoa gazeti la Ulaya lenye mchoro. Bwana Maurice alikuja kutoka mbele, akautazama mchoro, akacheka kwa adabu. Sisi tulitengeneza miwani. Lakini Madamu alikuwa mwalimu wa binti yake, na binti alikuwa na mtihani wa piano, kwa hiyo Bwana Maurice akapata ukarimu wa ghafla. Aliagiza kioo kinene cha duara, upana wa kisahani cha chai, na kilipofika alikiweka mbele yetu kwa mikono miwili.

"Hakuna cha pili," alisema. "Mtafanya kazi hii saa ya mapumziko ya mchana. Kikivunjika, mtamwambia Madamu wenyewe."

Ramazani aliuweka mchoro karibu sana na pua yake. Alikaa nao hivyo muda mrefu. Mimi nilichungulia juu ya bega lake, na ndipo nikasema: "Fundi, hii mupicha iko nusu. Ingine walikata."

Kitambaa cha maji kilinipata kwenye jicho la kushoto.

Nilipokwisha kujipangusa, akachukua utepe wa kupimia wa mshona nguo, akanipa ncha moja, akarudi nyuma mpaka ukanyooka. "Mwangaza ya nyota ikiingia mu darubini, inaomba njia murefu kabla ya kukusanyika pahali pamoja. Sawa hivi. Njo maana bomba ya Madamu iko murefu." Kisha akaja kwangu, akaukunja utepe mara tatu, ukawa mfupi kama mkono wangu kutoka kiwiko mpaka vidole. "Njia ilipunguka?"

"Hapana, Fundi. Ilikunjwa."

"Voilà. Kunja mwangaza."

Mwangaza unaingia mbele, unapita kwenye kioo kinene, unakwenda mpaka nyuma. Huko nyuma kuna kioo kikubwa cha kujitazama, umbo la bakuli, kinaurudisha mbele huku kikiukusanya. Mbele unakuta doa dogo la fedha lililopakwa katikati ya kile kioo kinene, upande wa ndani. Doa linaurudisha nyuma tena. Na katikati ya kioo cha nyuma tumetoboa tundu, mwangaza unapita hapo, unalifikia jicho lako. Safari tatu ndani ya bomba moja fupi. Tena lile doa lina mgongo uliojitokeza kidogo, kwa hiyo linazidi kuivuta safari iwe ndefu, ndiyo maana kitu kifupi hivyo kinakuza kama kirefu.

Mtaniuliza: doa lile halizibi nyota? Linaziba mwangaza kidogo tu, na huwezi kuliona unapochungulia. Mimi pia nililitafuta siku nzima.

Sasa, kwa nini kioo kile kinene cha mbele? Swali hilo nilimwuliza Ramazani tukiwa tumekaa nje, tunakula. Bakuli la duara kamili, alisema, ni rahisi kusaga lakini lina kasoro: mwangaza unaogonga pembeni hukusanyika mahali pengine na ule unaogonga katikati, na nyota inakuwa na ukungu. Kusaga bakuli lisilo na kasoro hiyo ni kazi ya kumtoa mtu machozi. Basi mtu mmoja mwenye akili huko ng'ambo akawaza: niache kasoro ya kioo cha nyuma, halafu mbele niweke kioo kinene kilichopinda, chenye kasoro ileile kwa upande wa pili.

"Uliona balevi babili batoka ku pombe?" Ramazani aliniuliza, yeye ambaye pombe hakuionja maisha yake yote. "Moja anaanguka ku kuume. Mwenzake anaanguka ku kushoto. Ukibafungisha mikono, banarudia ku nyumba njia sawa."

Mimi nilikuwa na maharage mdomoni. Kilichotokea kwenye shati langu Veronika alikiosha mara mbili.

Tulisaga wiki nyingi, kwanza kioo cha nyuma, tulichokikata kwenye kioo cha kawaida cha dukani, kisha kile kinene. Saa sita mji unafunga milango, wazungu wanalala, na sisi tunazunguka meza. Kioo kinene kilikuwa na pande mbili za kupindisha, zote kuelekea upande mmoja kama ganda la yai, na unene wake ulitakiwa kuwa sawa kila mahali. Ramazani alipima kwa chombo, lakini kabla ya chombo alipima kwa vidole, akiwa amefumba macho, na chombo kilikuja tu kukubali. Nilidhani anajivuna. Nilikuwa mjinga.

Kosa kubwa lilikuwa langu. Tulikuwa tumeshafika kwenye mchanga mwembamba kama unga wa mihogo, hatua ya mwisho kabla ya kung'arisha. Nikapangusa meza kwa kitambaa nilichotumia siku za mchanga mkali. Chembe moja tu ilibaki humo. Nilisikia sauti: krrr. Ramazani alisimama, mikono juu ya kioo. Hakuninyanyulia sauti. Alipitisha ukucha, akaupata mkwaruzo, akasema, "Tunarudia nyuma mara tatu." Mchanga wa hatua tatu, kazi ya wiki mbili, kwa ajili ya kitambaa. Tangu hapo nilikuwa na kitambaa cha kila mchanga, kimeandikwa namba, na Veronika alipokosea akachukua kimoja cha kushikia sufuria, karibu nilie.

Kupaka fedha kulikuwa ndiyo sikukuu. Unaosha kioo mpaka maji yatambae juu yake bila kujikusanya, kisha unamimina maji ya fedha, na juu yake maji ya sukari. Maji yanakuwa meusi kama matope ya mto Lubumbashi. Unadhani umeharibu kila kitu. Halafu chini ya yale matope uso wako unatokea, unakutazama. Mara ya kwanza nilirudi nyuma hatua moja, na Ramazani akaniuliza kama nimeona mtu ananidai. Ila dawa ile ikishika ngozi, inakaa nyeusi wiki nzima. Jumapili nilikwenda kupokea komunyo na vidole kama vya mchoma makaa, na padri akanitazama vidole, akanitazama uso, akaahirisha swali lake.

Darubini ikaisha mwezi wa sita, kwenye baridi. Ilibaki kunyoosha vioo. Nyuma ya kioo kikubwa kuna skurubu tatu. Ukikaza moja kioo kinainama kidogo. Nanyi mnazo, zitafuteni, lakini msizichokoze mpaka mmalize kusoma maandishi haya. Kioo kikiinama vibaya, nyota inakuwa na mkia. Kinanyooshwa kwa kutazama nyota kali na kuzungusha kitufe cha picha mpaka nyota ivurugike: unaona pete nyingi za mwanga, moja ndani ya nyingine, kama maji yaliyotupiwa jiwe. Pete zikiwa na kitovu kimoja, vioo viko sawa. Zikisukumana upande mmoja, bado.

Sisi hatukungoja usiku. Ramazani alichukua golori ya rolimenti, mpira mdogo wa chuma wa ndani ya gurudumu, akaiweka juu ya ukuta wa mwisho wa ua, mbali, mchana kweupe. Jua likaipiga na golori ikatoa nukta moja ya mwanga, kali kabisa. Hiyo ndiyo nyota yetu. (Golori, nasema. Jua lenyewe msilielekezee darubini kamwe, hata kwa utani. Jicho haliagizwi Ulaya.)

Ramazani akachungulia, akageuza skurubu, akachungulia tena. "Iko sawa," akasema, akaondoka mezani.

Nikachungulia mimi. Pete zote zilikuwa zimerundikana upande wa kushoto kama mbuzi kwenye kona ya zizi.

Nilifikiri ni mzaha. "Fundi, haina sawa."

"Nilisema iko sawa."

"Pete zinaegemea ku kushoto, baba."

Katika miaka yote sikuwahi kumbishia, na yeye hakuwahi kuwa na kosa la kubishiwa. Akarudi, akainama, na safari hii nilimwangalia yeye, si darubini. Jicho lake lilikuwa kando kabisa ya tundu la kutazamia. Alikuwa anatazama shaba.

"Fundi," nikasema polepole, "golori iko rangi gani?"

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Aliniambia kwamba ni miaka miwili sasa tangu dunia ianze kuingia maziwa. Kwanza jicho la kuume, kisha la kushoto. Alisaga kwa vidole, alipima kwa vidole, na kusoma nambari za lenzi aliniachia mimi akisema ananifundisha. Mchoro wa gazeti, siku ile, alikuwa ameona mistari minene tu. Mengine alisomewa na mjukuu wake nyumbani.

"Sababu ya nini haukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Musaga lenzi haone?" Akacheka kidogo. "Kazi ikiisha, kitabu changu ya ruhusa ya kazi kinaandikwa kwisha. Kitabu kikiisha, nyumba ya Cité inaisha. Batanipandisha mu treni, nirudie Maniema. Muke yangu hajafika Maniema hata siku moja. Batoto yangu bote balizaliwa hapa."

Ndivyo ilivyokuwa, vijana. Mweusi bila kazi hakuwa na ruhusa ya kukaa mjini, hata huko Cité, mtaa waliotutengea sisi weusi. Nilichukua bisibisi, nikampa, nikaweka jicho langu kwenye tundu. "Mikono ni yako," nikamwambia. "Mimi nitakuambia tu." Nikasema kuume, akageuza. Nikasema kidogo nyuma, akageuza kiasi ambacho mimi nisingeweza hata kukihisi. Pete zikajipanga. Nilipomwambia, alipangusa bisibisi kana kwamba lilikuwa na jasho.

Jumamosi jioni tuliipeleka Bel-Air. Madamu Odile alikuwa amewaalika watu wachache: Bwana Maurice na binti yake, jirani mmoja, na daktari wa macho aliyekuwa rafiki wa marehemu. Jua lilikuwa limezama, anga bado na rangi, na Zohali, ile tunayoiita Saturne, ilikuwa imepanda mashariki kama taa ya njano. Bwana Maurice aliitoa darubini sebuleni, palipokuwa na moto wa kuni, akaiweka moja kwa moja kwenye baridi ya bustani na kuchungulia mbele ya wageni.

Nyota ilichemka kama maji ya bukari, ugali wetu. Hilo ni la kukumbuka: bomba hizi zimefungwa, joto likiwa ndani linachelewa kutoka. Itoeni nje nusu saa kabla, mnywe chai. Bwana Maurice hakunywa chai. Alidhani ni skurubu, akazigeuza zote tatu, na mchemko ukapata mkia.

"Fundi," akaita, sauti imebadilika, "njoo urekebishe."

Ramazani akasogea. Mimi nikasogea naye, nikainamia tundu la kutazamia kabla mtu hajasema kitu, naye akashika skurubu. Tulianza kama uani: kuume, nyuma, kidogo. Baridi ilikuwa imeshaingia kwenye bomba, nyota ikaanza kutulia. Ndipo daktari akauliza, bila ubaya wowote, mtu tu anayependa kujua: "Kwa nini fundi hatazami mwenyewe?"

Nilifungua mdomo kudanganya. Ramazani akanitangulia.

"Sababu sioni, docteur."

Bwana Maurice aliuliza tangu lini. Ramazani akamwambia miaka miwili.

"Na miwani ya wateja wangu?"

"Bwana alipata mutu moja alirudisha miwani yake?"

Bwana Maurice alifikiri. Nilimwona akifikiri kwa uaminifu, akipitia nyuso zote za miaka miwili. "Hapana," akasema mwishowe. "Mmoja tu. Aliikalia."

Madamu Odile ndiye aliyeanza kucheka, mkono mdomoni, halafu binti, halafu jirani, na mimi nikashika mguu wa darubini nisianguke. Daktari akatoa tochi ndogo mfukoni, akamkalisha Ramazani kwenye kiti cha bustani, akamfunua jicho. Alitazama kwa muda. "Ni mtoto wa jicho," akasema. "Ukungu wake umeiva. Huu unatolewa."

"Kisha ataona?" nikauliza.

"Akipata miwani minene, na msagaji mzuri."

Tukamaliza kunyoosha vioo. Nikaielekeza kwenye Saturne, na sitajaribu kuwaficha: nilipoiona ile pete imeizunguka nyota bila kuigusa, ndogo, safi, kama kitu kilichochongwa jana, nilicheka peke yangu gizani kama mwehu. Nilimweleza Ramazani yote, pale pale, na yeye akauliza pete ina unene gani na inainama upande gani, kama mtu anayepokea kazi kutoka kwa mwanafunzi.

Jumatatu Bwana Maurice alikuja nyuma, kwenye saruji, jambo alilolifanya kwa nadra. Aliweka barua ya hospitali juu ya meza. "Kiti hiki hakuna atakayekikalia," akasema, akigusa kiti cha Ramazani, akarudi kwenye zulia lake haraka kabla hatujamshukuru. Sijui kama alikuwa mtu mwema kila siku. Siku ile alikuwa.

Walimlaza chali siku nyingi, magunia madogo ya mchanga huku na huku ya kichwa asigeuke. Nilimtembelea kila jioni. Alilalamika kwamba mchanga ule si wa daraja zuri, haufai hata kusagia chupa. Huku nyuma nilisaga lenzi zake. Mtu akitolewa mtoto wa jicho kwa njia ya zamani anabaki bila lenzi yake ya ndani, kwa hiyo unamwekea ya nje, nene kama mgongo wa kobe. Nilizisaga mara tatu. Mbili za kwanza nilizitupa mwenyewe, bila kuambiwa na mtu.

Mwezi wa tisa, joto na moshi wa vichaka umejaa hewani, nilimvalisha miwani ile ateliyeni. Alinitazama usoni muda mrefu.

"Kalenga," akasema, "ulizeeka."

Kisha akaenda moja kwa moja kwenye sanduku la kazi nilizomaliza wiki ile, akainua lenzi moja dirishani, akaiweka kando. Niliisaga upya kesho yake.

Jioni ya siku ile ya miwani, Madamu Odile alitungoja bustanini. Darubini aliitoa mwenyewe, chini ya kwapa, akaiweka juu ya meza yake ya miguu mitatu. Alikuwa ameitoa mapema, imepoa vizuri. Ramazani akainama, akasita, akavua ile miwani niliyoisaga mara tatu na kunipa kama mtu anayempa mtu kofia yake. "Shika hii."

Na alikuwa na haki. Mwenye macho ya kuona karibu tu au mbali tu hahitaji miwani kwenye darubini. Anazungusha kitufe mpaka picha imfuate yeye. Alizungusha sana, zaidi ya mtu yeyote. Akaacha kuzungusha. Mabega yake yakatulia.

Madamu na mimi tulisimama pale, tukimtazama mgongo. Dakika zikapita. Nilitaka kumwuliza, nikamwona Madamu anatikisa kichwa.

"Kalenga," akasema bila kunyanyuka. "Ile siku uliniambia iko sawa?"

"Nilikuambia, Fundi. Ilikuwa sawa."

"Leta turunevisi."

Nikampa bisibisi. Aligeuza skurubu moja, ya chini, kiasi cha unene wa ukucha, akatazama, akageuza nusu ya hiyo, akasogea pembeni na kunionyesha tundu kwa kidevu.

Nikainama. Pale ambapo tangu mwezi wa sita niliona pete moja ya Saturne, sasa kulikuwa na mbili, na kati yao ufa mweusi mwembamba kama unywele, umezunguka wote bila kukatika.

"Unaona?" akauliza.

"Naona, baba."

"Bon. Toka pale, na Madamu aone."